Kiroba kimoja cha unga kila mwezi: ni ndoto, au ni siasa tu?

MAONI – Mwadingusha



Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikaa chini ya mwembe kama kawaida, redio moja katikati na watu kama thelathini wakiizunguka. Kipindi kilipokwisha, kijana mmoja mvuvi akauliza: «Ni kweli kuna nchi ambapo kila mtu anapata makuta kila mwezi, bila kuulizwa anafanya kazi gani?» Kabla mtu hajajibu, mzee mmoja aliyefanya kazi Gécamines miaka mingi akacheka, akasema: «Hayo tuliyaona sisi. Yaliitwa posho. Yakaisha.» Kisha mama mmoja aliyekuja na watoto wake kutoka upande wa Mitwaba akauliza kwa sauti ndogo: «Na sisi wa kuja, siku hiyo tutaandikwa?»

Nilirudi nyumbani na maneno hayo matatu kichwani. Leo nataka kujibu la kijana, la mzee, na hasa la mama, kwa sababu naona la mama ndilo gumu kuliko yote.

Nianze na la kijana. Ndiyo, ni kweli, ingawa si kwa namna wengi wanavyofikiri. Wazo lenyewe ni rahisi kulieleza: kila mtu awe na kiasi fulani cha makuta kila mwezi, kidogo lakini cha uhakika, kinachomzuia asianguke chini ya njaa. Hapigi magoti kwa mtu ili akipate, wala hakikosi kwa sababu hana ndugu ofisini. Waliolianzisha wazo hili wanasema utajiri wa nchi haukufanywa na mtu mmoja. Shaba iliwekwa ardhini kabla babu zetu hawajazaliwa. Maji ya Lufira yalikuwa yakishuka kabla hapajajengwa ukuta wa kuyazuia. Kama utajiri ni wa wote, basi kila mtu ana haki ya kuonja, hata kama ni kijiko kimoja.

Jimbo la Alaska, kule Marekani, liliweka sehemu ya mapato ya mafuta yake katika mfuko mwaka 1976, na tangu 1982 kila mkazi, mkubwa kwa mtoto, anapata mgawo mara moja kwa mwaka. Karibu na sisi, nchini Kenya, katika kaunti za Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly limekuwa likiwatumia watu wa vijiji vizima makuta kwa simu, takriban senti 75 za dola kwa siku kwa kila mtu mzima. Zaidi ya watu 20,000 walihusika. Vijiji vingine viliahidiwa miaka miwili, vingine miaka 12, na vingine vilipewa kiasi kikubwa mara moja. Wachunguzi waliofuatilia hawakuona watu wakilala na kuacha kazi. Waliona wengi wakiacha vibarua vya kulimia wengine na kuanza shughuli zao wenyewe: duka, ufugaji, uuzaji wa samaki. Na waliokuwa na ahadi ya muda mrefu walikuwa na moyo wa kuanza kuliko wale wa miaka miwili, kwa sababu mtu anayejua mwezi ujao atakula hupanga tofauti na mtu anayejua kuwa leo tu ndiyo ameshiba.

Kwa hiyo wale wanaosema «ukimpa maskini makuta atayanywa» wamejibiwa, na waliowajibu ni wanavijiji wenye maisha kama yetu.

Sasa kicheko cha mzee. Mzee hakucheka kwa dharau. Alicheka kwa sababu anajua historia ambayo vijana wetu hawaijui.

Hapa Katanga, kabla ya neno lolote la wataalamu, tulikuwa na posho. Union Minière, na baadaye Gécamines, ilimpa mfanyakazi mshahara, na juu yake unga, samaki, nyumba, hospitali, na shule ya watoto. Hata Mwadingusha yetu ni mtoto wa kampuni hiyo. Ukuta ulijengwa, ziwa Tshangalele likajaa nyuma yake, na tangu 1930 mashine zikaanza kutoa umeme wa kuyeyushia shaba. Mtu aliyekuwa na baba kampuni alijua unga utafika. Wazee wanasema: kampuni ilikuwa baba na mama.

Lakini posho ile ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, haikuwa ya wote. Mkulima wa kijiji jirani, na mvuvi ambaye mashamba ya wazee wake yalikuwa pale maji yalipo sasa, hakupata hata meka moja. Pili, haikuwa haki yenye nguvu ya sheria ya nchi. Ilitolewa kwa sababu kampuni ilimhitaji mfanyakazi, na siku ilipomaliza haja naye, ilisimama. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, uzalishaji ukaanguka, mishahara ikaanza kuchelewa miezi, kisha miaka. Mwaka 2003 ukaja mpango uliobebwa na fedha za Benki ya Dunia, tuliouita «départs volontaires»: wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiasi mara moja ili waondoke. Neno lilisema ni kwa hiari. Waliokuwa na mishahara ya miaka isiyolipwa wanajua hiari hiyo ilikuwa ya namna gani.

Wengine walinunua nyumba, wengine basi dogo la kubeba abiria, wengine walifungua duka. Lakini wengi walianza kwa kulipa madeni: deni la unga, deni la shule, deni la hospitali. Yakibaki makuta, yalibaki ya miezi michache. Katika jiji la Likasi bado unawakuta wazee wanaohesabu miaka yao hivi: kabla ya malipo yale, na baada ya malipo yale.

Ninachojifunza hapo si kwamba makuta ya mkupuo ni mabaya. Kule Kenya, waliopewa mkupuo walifanya vizuri pia, kwa sababu makuta yale yaliwakuta na shamba lao na kazi zao. Ya kwetu yaliwakuta watu wanaopoteza kila kitu siku hiyohiyo. Yale hayakuwa mapato. Yalikuwa kwaheri. Mzee alicheka kwa sababu amekwisha kuona jambo jema likitolewa na mkubwa kwa hisani yake, na likiondolewa na mkubwa yuleyule. Kwa hiyo ombi langu la kwanza: tukidai kipato cha uhakika, tusikidai kama posho ya bwana. Tukidai kama sheria.

Hapo ndipo siasa inapoingia, na mimi sitaki kuwadanganya. Tufanye hesabu pamoja.

Watu wa Kongo wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 100. Nasema wanakadiriwa, kwa sababu hesabu ya mwisho ya watu ilifanyika mwaka 1984. Tukitaka kumpa kila mmoja dola 10 kwa mwezi, tunahitaji dola bilioni 12 kwa mwaka. Bajeti yote ya taifa ya mwaka 2024 ilipigiwa kura kwa takriban dola bilioni 16, na kila mtu anajua makuta yaliyoandikwa kwenye karatasi si lazima yaingie sandukuni. Maana yake tufunge shule, hospitali na jeshi, ili kila mtu apate dola 10. Mgombea anayekuja kijijini kuahidi kwamba atampa kila Mkongomani mshahara wa kuishi, mpeni maji ya kunywa, mmsikilize, halafu mmuulize: kutoka wapi?

Nchi ya Mongolia, yenye shaba kama sisi, ilijaribu. Katika uchaguzi wa 2008 vyama vikubwa vilishindana kuahidi: huyu akitaja kiasi, yule anaongeza. Baadaye wananchi wote wakaanza kulipwa kila mwezi kutoka mfuko uliotegemea madini. Mwaka 2012 malipo yakasimama, kwa sababu mfuko ulitoa zaidi ya ulichoingiza. Ahadi iliyozaliwa katika mnada wa kampeni ilikufa.

Na sisi tunajua wenyewe umbali kati ya sheria nzuri na sahani ya chakula. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ni ya bure. Wazazi waliendelea kulipa walimu kwa miaka 13, hadi Septemba 2019 ndipo ikaanza kutekelezwa. Ilipoanza, watoto walijaa darasani hadi kukaa chini, na walimu wengi wakabaki bila kuandikwa kwenye orodha ya mishahara. Je, lilikuwa kosa? Mimi nasema hapana. Kuna watoto hapa Mwadingusha wanaosoma leo ambao wasingesoma. Lakini jambo jema liliingia bila kuandaliwa, na bei yake ililipwa na walimu. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 175, inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwao. Magavana wamepita mmoja baada ya mwingine wakiilalamikia Kinshasa kwamba asilimia hiyo haiji kamili.

Kwa hiyo, je, tuache? Hapana. Nasema tuanze padogo, lakini pasiporuka mtu. Na kabla sijasema padogo penyewe, nijibu swali la mama, maana bila jibu lake hesabu zote ni bure.

«Na sisi wa kuja, tutaandikwa?»

Nilikuwepo siku moja, miaka kadhaa iliyopita, mahali ambapo familia zilizokimbia zilikuwa zikigawiwa msaada wa makuta. Sitalitaja shirika wala kijiji. Orodha ilikuwa imetengenezwa kwa haraka, kupitia watu wachache wenye neno mahali pale. Walipoanza kuita majina, tulisikia jina la mtoto wa mtu mkubwa ambaye hajawahi kukimbia popote. Tukasikia majina mawili ya mke mmoja. Mama mmoja mzee, aliyefika kwa miguu akiwa na wajukuu wanne, alisimama tangu asubuhi hadi jua lilipogeuka. Jina lake halikuitwa. Alipouliza, aliambiwa kadi yake ya uchaguzi ni ya mahali pengine, arudi huko akaandikwe. Huko ndiko nyumba yake ilikochomwa. Alikaa chini, akatandika kitenge chake, akawapa wajukuu muhogo mkavu, na hakulia. Wengine tuliona haya kumtazama.

Sikia vizuri: fedha zilikuwepo, na wafadhili walikuwa wametoa. Kilichomnyima mama yule chakula kilikuwa karatasi yenye majina, na mkono wa aliyeiandika.

Ndiyo maana nasema shida kubwa ya kipato cha uhakika katika nchi yetu si uvivu wa maskini, na wala si makuta peke yake. Ni orodha. Nani anaiandika? Nani anaisoma? Na nani ni «wa hapa»?

Katika Likasi yetu swali hili la mwisho lina kidonda. Mwaka 1992 na 1993, hapa Likasi na kule Kolwezi, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa majumbani. Watu waliozaliwa hapa, waliosomesha watoto hapa, walilala kituo cha treni wakingoja behewa la kuwapeleka nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Wapo waliofia njiani. Yalisemwa wakati ule maneno kwamba kazi na mali ya Katanga ni ya wenye udongo. Siyakumbuki ili kuchokonoa. Nayakumbuka kwa sababu siku tutakaposema «utajiri huu ugawiwe watu wa hapa», mtu atauliza «watu wa hapa ni akina nani?», na tukiwa hatujajiandaa, mgawo wa makuta utakuwa mgawo wa chuki. Mwanasiasa asiye na kitu cha kuahidi ataahidi kuwapunguza wanaostahili.

Tena ramani yenyewe inatuchanganya. Tangu 2015 Katanga ya zamani imekatwa majimbo manne. Maji ni ya Lufira, katika Haut-Katanga. Mashine zetu zilikarabatiwa kwa fedha za wenye mgodi wa Kamoa-Kakula wakishirikiana na SNEL, na tangu 2021 zinaweza kutoa tena megawati 78, lakini mgodi huo uko karibu na Kolwezi, jimbo la Lualaba. Sheria ya migodi inapogawa ushuru wa madini, inatazama mahali pa shimo. Mahali unapotoka umeme hapatajwi. Na watu waliokimbia kuja huku wametoka kaskazini, katika ile pembetatu ya Mitwaba, Pweto na Manono, inayogusa majimbo mawili. Ukitafuta «mwenye haki» kwa kutazama asili, utapata kila mtu ana haki mahali asipokuwepo.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wanaitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu. Mimi naisoma upande mwingine. Ukimpa mtu jembe, umemkubali shambani. Anayelima na wewe, anayechota maji kisima kimoja na wewe, anayezika na wewe, ni wa hapa. Kongo ina mamilioni ya watu waliohama makwao ndani ya nchi. Hatuwezi kuwaambia wote warudi kwenye moto wakaandikwe.

Sasa pendekezo langu. Mlipime, mlikosoe, mpige simu kwenye kipindi.

Tuanze na wazee. Kila mtu mwenye miaka 65 na zaidi anayelala hapa kwa miezi sita au zaidi. Hatuulizi kabila, hatuulizi kadi ya uchaguzi ni ya wapi, hatuulizi kama ana mtoto Lubumbashi anayemsaidia. Mzee ni mzee. Kwa nini wao? Kwa sababu umri ni vigumu kuununua. Kijiji kinajua nani alikuwa mtu mzima wakati Kamoto inaporomoka, hata kama hana cheti cha kuzaliwa. Na kwa sababu katika familia zilizokimbia, mara nyingi bibi ndiye aliyebaki na watoto. Ukimlisha bibi, umelisha wajukuu wanne.

Si jambo geni. Zanzibar, kisiwa ambacho Kiswahili chetu kilipitia kabla ya kufika huku, ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka bajeti yake yenyewe. Haikupima umaskini wa mzee, ilipima umri. Kiasi kilikuwa kidogo, na baadaye kikaongezwa. Uganda nayo inawalipa wazee wa miaka 80 na zaidi. Si nchi tajiri hizo. Zilichagua mlango mwembamba ambao serikali inaweza kuupita bila kuanguka.

Kiasi kiwe gani? Nasema: bei ya kiroba kimoja cha unga wa mahindi cha kilo 25, kama kinavyouzwa soko la Likasi mwezi huo. Nina sababu. Ukiandika kiasi kwa franga, baada ya miaka mitatu franga imeshuka na sheria yako inanunua nusu kiroba. Tunajua jinsi bei ya unga inavyopanda Zambia inapofunga mpaka. Ukiandika unga, hakuna waziri anayeweza kuipunguza kwa kukaa kimya. Lakini mzee alipwe makuta mkononi, si kiroba, maana mwingine ana unga na hana dawa.

Zitoke wapi? Sheria ya migodi ya Machi 2018 inatoza shaba asilimia 3.5 ya thamani yake. Katika ushuru huo, nusu inakwenda serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 mtaa au chefferie penye mgodi, na asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tuseme tani moja ya shaba inauzwa dola 9,000. Ushuru wake ni dola 315, na sehemu ya jimbo ni karibu dola 79. Tuseme kiroba ni dola 20. Wazee 10,000 kwa mwaka mzima wanahitaji dola milioni 2.4. Hiyo ni sehemu ya jimbo katika tani kama 30,000 za shaba. Kongo nzima ilitoa tani karibu milioni 2.8 mwaka 2023, ikawa ya pili duniani. Hesabu yangu ni ya mkono, wataalamu wairekebishe. Lakini hata wakiizidisha mara mbili, si hesabu ya kuvunja jimbo. Inahitaji amri moja ya bunge la jimbo, inayosema sehemu hii haiguswi kwa kazi nyingine.

Najua mtakayosema. «Makuta hayo hayatafika, yataliwa njiani.» Huenda. Barabara zinazojengwa kwa ushuru huohuo zinaliwa pia, tofauti ni kwamba barabara iliyoliwa haina mtu anayeweza kusimama na kusema: yangu iko wapi? Kila mzee akijua haki yake ni kiroba kimoja, si nusu na si «mwezi ujao», mwizi atakuwa na walinzi 10,000. Ndiyo maana napenda kiasi kidogo kinacholingana kwa wote kuliko msaada mkubwa wa kuchagua watu. Cha kuchagua kinamfanya kila mmoja ajipendekeze kwa mwandishi wa orodha. Cha wote kinawafanya wote wamkabe mwandishi.

Orodha yenyewe ibandikwe ukutani, shuleni na kanisani. Isomwe kwenye redio hii, jina kwa jina, kijiji kwa kijiji, ili tusikie kama marehemu anapokea na kama bibi wa Mitwaba amerukwa. Siku ya malipo isitangazwe, maana wezi nao wana redio. Na kamati ya kupokea malalamiko iwe na watu wa hapa na waliokimbia, nusu kwa nusu, na wanawake ndani yake.

Mwingine atasema: «Na mama kijana mwenye mtoto mgongoni, asiye na miaka 65?» Hapo mnanishika. Sina jibu linalonitosheleza. Njaa yake ni ileile, na kiroba cha jirani yake mzee hakitaingia sufuria yake isipokuwa kwa wema. Naanza na wazee kwa sababu ni mlango ninaoona serikali yetu inaweza kuupita sasa, sio kwa sababu yeye hastahili. Mlango ukishafunguka na orodha ikishakuwa safi, watoto wadogo wafuate. Lakini tukingoja siku ya kuwapa wote kila kitu, tutangoja kama tulivyongoja shule ya bure, na safari hii wazee hawana miaka 13 ya kungoja.

Wakubwa nao watasema hili si la kisiasa, wakati bado, usalama kwanza. Mimi naona ni kinyume. Kijana wa Mitwaba aliyeona bibi yake akirukwa kwenye orodha, na kijana wa hapa aliyeona msaada ukipita juu ya kichwa chake kwenda kwa wageni, wote wawili wanatafutwa na mtu mwenye bunduki. Tusimfanyie kazi yake iwe rahisi. Wazee wa pande zote mbili wakisimama mstari mmoja, siku moja, kwa kiasi kimoja, vijana wao watakuwa na sababu moja pungufu ya kutazamana vibaya.

Uchaguzi utakuja tena, na wagombea watavuka daraja kuja huku wakiwa na fulana na chumvi. Naomba tusiwaulize watatupa nini siku hiyo. Tuwaulize mambo matatu: Utaweka sehemu gani ya ushuru wa madini ya jimbo kwa wazee? Utaiandika katika sheria mwezi gani? Na mtu aliyekimbia akalala hapa miezi sita, yumo au hayumo? Atakayejibu mawili ya kwanza na kuliruka la tatu, tumjue.

Jana jioni nilimtembelea yule mama wa Mitwaba. Alikuwa anapika bukari kwa makala, na nyaya kubwa zinapita kule juu kwenye nguzo zikipeleka umeme wa maji yetu mbali. Nilimwambia nitaandika juu ya swali lake. Akasema sawa. Kisha akaniuliza kama, nikiandika, nitaweka jina lake. Nikamwambia hapana, kwa usalama wake. Akafikiri kidogo, akasema: «Basi siku ya orodha yenyewe, uliweke.»